Mlamula wa Tano

Mama mkwe wangu, Kokuhirwa, aliokoka kwa hasira. Wengine huokoka kwa kuogopa moto, wengine kwa ugonjwa, wengine kwa kuwa pombe imewachosha. Yeye alivaa gauni lake jeupe siku ya Alhamisi, akafunga kitambaa kichwani, akaniambia, "Alistidia, angalia ndizi zisiungue, naenda kuokoka," akatoka. Nilikuwa na miezi mitatu tu katika nyumba ile kama mke wa mwanawe Lwakatare, sikujua kama nicheke au nilie. Nikaziepua ndizi, nikamfuata.

Ngoja nimweleze tangu mwanzo, maana watu wa huku Maruku wamemfanya kichekesho na mimi sipendi. Alizaliwa Muleba katika nyumba ya Kilutheri, akasoma kwa wamisionari mpaka darasa la nne, akaolewa huku na Mutembei, mtu mpole asiyeweza kugombana hata na mbuzi wa jirani. Ugomvi wote wa nyumba ile aliufanya mke. Alisuka mikeka mizuri kuliko mwanamke yeyote wa upande huu, na wakati anasuka alikuwa anakumbuka: nani alimsalimia kwa dharau mwaka gani, nani alikuja kwenye arusi yake mikono mitupu. Mtoto wake wa kwanza, Kamugisha, alikufa kwa surua akiwa na miaka sita, wakamzika kwenye kona ya juu ya kibanja, shamba letu la nyumbani, kama tunavyozika sisi, katikati ya migomba yetu wenyewe. Tangu hapo Mama alikuwa na ombi moja tu duniani, na alilisema mbele ya kila mtu: akifa alazwe pale, ubavuni mwa mwanawe, katika ardhi ya nyumba yake.

Sasa, kibanja cha Mhaya hakina ukuta wala seng'enge. Kina milamula. Ni mmea wa majani marefu membamba, mgumu kufa, na ukishapandwa mpakani hakuna anayeugusa. Ukitaka kujua ardhi ya fulani inaishia wapi, unatazama mlamula. Kati yetu na jirani yetu Josia Rugaibula ilikuwapo mitano. Mutembei aliikuta, na baba yake aliikuta. Huku kwetu mtu anayeng'oa mlamula ni mbaya kuliko mchawi, maana mchawi hula mtu mmoja, huyu anakula ukoo mzima.

Josia alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu wa TANU, sauti nzito, kofia haitoki kichwani. Miaka michache baada ya Uhuru serikali ilifuta nyarubanja, ule utaratibu wa zamani uliomfanya mkulima awe mpangaji wa bwana mkubwa juu ya ardhi aliyozaliwa. Ikatangazwa kwamba kamati itapita kuandika kila kibanja kwa jina la anayekilima. Watu walifurahi, na kweli lilikuwa jambo la kufurahia. Wiki ileile Mutembei akafa.

Msiba wetu una sheria. Siku nne hakuna anayeshika jembe, si wafiwa tu, ni kijiji kizima. Watu wanakaa kwenye nyasi zilizotandazwa nyumbani kwa marehemu, na hakuna anayekwenda shambani hata kuchungulia. Katika siku hizo nne, Mama akiwa amekaa chini amenyolewa kichwa, Josia alishika jembe. Aling'oa milamula yote mitano, akaipanda upya hatua kumi na mbili ndani ya kibanja chetu. Na kila jioni alikuja msibani na udongo kwenye kucha, akaongoza nyimbo za kuwafariji wafiwa. Kamati ilipofika siku ya sita iliandika ilichokiona, na aliyekuwa akionyesha mipaka ni balozi mwenyewe. Kona ya juu ikawa yake, pamoja na kaburi la Kamugisha.

Mama alipiga kelele mpaka akakauka koo. Alionyesha udongo mpya, alionyesha mashimo ya zamani yaliyofukiwa kwa majani ya migomba. Barazani akaambiwa kwamba mjane hajatulia, hesabu yake ya hatua haiwezi kuaminika. Mashahidi walikuwapo, wote ni watu waliohitaji barua ya balozi kwa shida zao, na wote walitazama miguu yao. Mwaka uliofuata Josia alipanda mbuni, mti wa kahawa, juu ya kaburi la mtoto. Ule mbuni ulistawi, bwana, sitaki hata kusema ulivyostawi. Kwetu mgeni akifika anapewa kahawa ya kutafuna, na kuikataa ni kumtukana mwenye nyumba. Josia alikuwa akipitisha kikapu chake kidogo cha kahawa kila mkutano, na kila mara Mama alikisukuma kwa kidole kimoja, watu wote wakiona.

Mwaka wa sabini Josia alikwenda kwenye mkutano mkubwa wa walokole Muleba akarudi ameokoka. Analia, anakumbatia watu, amemwaga lubisi, pombe yetu ya ndizi, yote iliyokuwa mtungini. Walokole wetu wana desturi yao: ukiokoka unaweka mambo nuruni. Unataja dhambi zako kwa majina, halafu unakwenda kwa kila uliyemkosea na kurudisha. Josia akaanza kuzunguka. Alimrudishia mzee Mwijage jembe aliloliiba miaka ya njaa, na Mwijage, Mkatoliki wa watu, akacheka akasema jembe lenyewe alishalisahau. Alirudisha mbuzi kwa watu wa bondeni. Alikiri kwa mkewe Joviana juu ya mwanamke mmoja wa Miembeni, kule mjini, na Joviana akalia siku mbili.

Mama alifagia uwanja. Kila asubuhi kwa wiki tatu aliufagia, akatandika mkeka mpya mlangoni, akakaa kumsubiri. Josia akapita. Alisema, "Bwana asifiwe, dada," akaenda nyumba inayofuata. Alipompita hivyo mara ya nne, jioni Mama alikunja mkeka wake, na hapo ndipo alipoamua kuokoka.

Basi siku ile ya Alhamisi niliketi nyuma kabisa, kwenye benchi lililo karibu na mlango wa kanisa. Walokole walikuwa kama thelathini. Mchungaji Buberwa alikuwa pembeni, mtu mwembamba asiyependa makelele. Mama akasimama. Watu wakaanza kutabasamu lile tabasamu la kupokea kondoo aliyepotea.

"Mimi ni mwenye dhambi," akasema. "Namchukia ndugu Josia Rugaibula. Namchukia tangu alipong'oa milamula ya mume wangu msibani, akaipanda hatua kumi na mbili ndani ya kibanja changu, na mwanangu Kamugisha amelala chini ya mbuni wake. Niombeeni nishinde dhambi hii."

Akakaa. Nilisikia mbuzi wa mchungaji akitafuna nje. Wangefanya nini? Alikuwa ametubu. Toba haizuiwi. Wakamwekea mikono wakamwombea, Josia mwenyewe akiwa mmojawapo, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Nami nilijiziba mdomo kwa kanga. Nilimpenda mama mkwe wangu siku ile, nisidanganye.

Josia hakuwa mjinga. Aliposimama alisema dada aombewe sana, maana bado anatazama nyuma. Kwake yeye Bwana ameshamaliza yote, ya kale na ya jana, na kondoo akishashikwa na mkono ule hakuna wa kumpokonya. Likawa ndilo fundisho lake. Aliyeokoka ameokoka, jina likishaandikwa halifutwi, hata akianguka ameangukia ndani. Alilifundisha vizuri, lazima niseme, mpaka wengine walimfuata kwa machozi. Mchungaji Buberwa hakukubaliana naye. Alifundisha kwamba imani ni kama moto wa jikoni, unapewa kaa bure lakini usipouchochea utalala na baridi. Wakabishana miezi mizima, wazee na vijana, mpaka njiani kwenda kuchota maji watu walikuwa wanaulizana kama mtu anaweza kupotea baada ya kuokoka. Mama hakuuliza. Alisema kama mbingu inampokea Josia na milamula yake mitano mkononi, basi ataketi mlangoni kwake kulekule na kumdai.

Alhamisi iliyofuata alisimama tena. Akatubu dhambi ileile, kwa maneno yaleyale, hatua kumi na mbili, mbuni, Kamugisha. Na iliyofuata. Na iliyofuata. Miaka sita, nakwambia. Mvua inyeshe, awe na homa, alikwenda. Mwaka mmoja tu alikosa Alhamisi mbili, nilipojifungua, akaniambia nimemchelewesha. Watu wakamwita Mama Milamula. Wageni kutoka Kahororo na Muleba walikuwa wakija kusali kwetu wanauliza kwanza kama yule mama bado anatubu.

Mchungaji alikuja nyumbani akamwonya. Alimwambia asiyesamehe hasamehewi, na kwamba anacheza na roho yake mwenyewe. Mama aliendelea kusuka. Akamjibu kwamba anajua, na kwamba ndiyo maana anatubu kila wiki. Mchungaji akamwuliza kama anatubu kweli au anapiga mtu kwa toba. Mama akakaza uzi wa ukindu mpaka ukakatika. Tangu mwezi ule mchungaji hakumpa tena meza ya Bwana. Iliwauma wote wawili, lakini hakuna aliyerudi nyuma.

Vikaja vijiji vya ujamaa. Sisi hatukuhamishwa, migomba haihamishiki, lakini tulitakiwa kulima shamba la pamoja kule rweya, kwenye nyika ya majani iliyo nje ya vibanja. Josia akawa mwenyekiti wa kijiji. Siku za kazi kila mtu alichagua tuta lake, na Mama alichagua la jirani na la mwenyekiti. Akilima yeye, analima. Akipumzika, anapumzika. Hakumwambia neno hata moja, alipima tu hatua kumi na mbili kwa mpini wa jembe, polepole, mbele yake, akaanzia hapo kulima. Watu waliinama kuficha vicheko. Josia alihamia tuta la mbali, na kesho yake Mama alikuwa hapo. Alimkalia kooni kwelikweli.

Mwaka wa sabini na sita Josia akaugua tumbo. Lilivimba, miguu ikavimba, wakampeleka hospitali wakamrudisha. Siku ya tatu Joviana alikuja kwetu, mwanamke mnyonge aliyezoea kusema akiwa ameinamisha uso. Alipiga magoti uwanjani akamwambia Mama kwa neno letu la heshima, waitu, mume wangu anakuita. Mama alimaliza mstari aliokuwa anausuka. Kisha akaniambia nimletee fimbo yake.

Josia alilala chumba cha mbele, uso umebaki mifupa. Aliwaomba wengine watoke, akatubakiza sisi watatu, Mama, mimi na Joviana.

"Dada Kokuhirwa," akasema, "mimi niliing'oa ile milamula. Unajua."

"Najua tangu siku ile."

"Nimefundisha watu kwamba sipotei. Nimefundisha vizuri. Sasa nikifumba macho naona yule mtoto, na naogopa. Sema umenisamehe, nife."

Nilimtazama Mama. Miaka minane alikuwa ameingoja siku hii, na sita ya mwisho mimi nilikuwa nimeingoja pamoja naye. Nilitaka ampe vidonge vyake mpaka vimkwame.

"Unaogopa nini, ndugu?" akasema. "Si umeshikwa? Si jina halifutwi? Mimi ndiye mwenye dhambi hapa, natubu kila Alhamisi."

Josia akaanza kulia. Joviana akaanza kulia. Mama akasubiri wamalize, kisha akatoa sharti lake. Kesho asubuhi, mbele ya walokole na mchungaji, Josia aende mpakani akairudishe milamula kwa mikono yake, mmoja mmoja, kila mmoja kwenye shimo lake. Ikisimama yote mitano, atasema. Joviana akasema mume wake hawezi kusimama. Mama akamwambia kwamba msibani aliweza kuinama.

Walimleta kwa machela, wanaume wanane wakipokezana begani. Nusu ya Maruku ilikuwa pale, wengine wamepanda juu ya kichuguu. Mama alionyesha mahali kwa fimbo, hakukosea hata kidogo, na walipochimba walikuta udongo mweusi wa yale majani yaliyooza ndani ya mashimo ya zamani. Watu wakaguna. Vijana waling'oa mlamula wa kwanza na mzizi wake, wakamwekea Josia mikononi, wakamteremsha mpaka chini, naye akaupanda na kuufukia kwa viganja. Kisha wa pili. Kwa wa tatu alitapika, na Mchungaji Buberwa akamwendea Mama akamwambia kwa sauti ya chini kwamba inatosha, ukweli umeonekana, amsamehe sasa. Mama akasema mpaka wake una mimea mitano. Mimi nilikuwa nyuma yake, na mimi nilisema, "Ndiyo." Nakiri hapa nilisema.

Wa nne alipanda kwa mkono mmoja. Wa tano ulikuwa wa kona ya juu, pale kwenye kaburi. Wakambeba, wakamshusha karibu na ule mbuni. Hakuweza kuinua mkono tena. Alimtafuta Mama kwa macho mpaka akampata, na midomo ikatembea, na kila mtu alijua anachoomba. Neno moja tu. Kijiji kizima kilimgeukia Mama.

"Bado mmoja," akasema Mama.

Josia akafa. Pale pale, kwenye machela, mlamula wa tano ukiwa bado umesimama alikokuwa ameupanda mwenyewe.

Walipokwisha kumzika, vijana wake walikuja kwa adabu kutaka kuuhamisha huo uliobaki. Kazi ya dakika tano. Mama akawafukuza. Alisema uliwekwa na baba yao, alipaswa kuutoa baba yao, mkono wa mtu mwingine hautaugusa. Lwakatare alimsihi, mimi nilimsihi. Nilimwambia, Mama, kaburi la Kamugisha liko ng'ambo ya huo mlamula, ukiuacha hapo unajifungia nje wewe. Akanitazama kana kwamba nimemsaliti. Mpaka wetu ukabaki umepinda, minne imenyooka, wa tano umeingia ndani hatua kumi na mbili na mtoto wake upande wa pili.

Alhamisi ile alivaa gauni jeupe. Nilimfuata, kama mara ya kwanza. Alisimama, watu wakainua vichwa. Akasema, "Mimi ni mwenye dhambi," halafu akanyamaza. Akashika benchi la mbele. Hakuwa na wa kumtaja. Akakaa, na hakusimama tena mpaka alipokufa, ingawa hakuacha kwenda.

Alikufa mwaka wa sabini na saba, mwaka mmoja kabla vita havijafika huku mpakani. Mchungaji Buberwa alikuja na mkate na divai ndani ya mkoba wake, akakaa kitandani. Alimwambia aseme tu amemsamehe marehemu Josia, naye atampa meza. Mama alikuwa na akili zake zote. Alifikiri, nilimwona anafikiri, uso ulikuwa unapigana. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mchungaji, nilikuwa nalo kinywani siku ile. Lilikuwa tayari. Nikalizuia." Mchungaji akamwuliza kama sasa anaweza kulisema. Akasema angemwambia nani, na akageukia ukuta. Mchungaji akafungua mkoba, akampa mkate. Wako wanaomsema kwa hilo mpaka leo.

Lwakatare alikwenda kwa Joviana kichwa chini, kuomba nafasi ya kuchimba kaburi upande wake, karibu na Kamugisha. Niliona aibu ile ikimtafuna mume wangu: mama yake, aliyepigania kona ile miaka yote, anakwenda kulala pale kwa hisani ya nyumba ya Josia. Joviana akasema chimbeni.

Tukamzika. Tukakaa chini siku nne. Siku ya pili nilitoka mara moja nyuma ya nyumba kumtafutia mtoto ndizi mbivu, nikamwona Joviana kwenye kona ya juu, ameshika jembe. Jembe, msibani! Damu ilinichemka. Nilikwenda mbio, nimejaa matusi ya miaka kumi mdomoni. Nikamkuta ameshaung'oa mlamula wa tano na ameshaubeba. Aliuweka kwenye shimo la zamani, lile la mstari ulionyooka, akaufukia. Udongo ulikuwa umejaa kwenye kucha zake. Makaburi yote mawili yakawa upande wetu.

"Aliwakataza wanangu wasiuguse," akasema bila kuniangalia. "Mimi hakunikataza."

Matusi yangu yote nilikuwa nayo. Nilitaka kumwambia kwamba jembe halishikwi msibani, kwamba mume wake alianza hivihivi. Nikamtazama yule mama mnyonge, na mlamula wake umekaa upande. Nikainama nikaushika unyooke, yeye akashindilia udongo kwa mguu.

Watu bado wanabishana huku kwetu, aliyeokoka anapotea au hapotei, na wakifika katikati wanawataja hao wawili, Josia na Mama, nani yuko ndani na nani nje. Mimi huondoka. Kama Josia alikuwa anasema kweli, basi wako wote wawili huko, na sasa yeye ndiye anayedai lile neno moja.